Sakiusa Tokalau: Miaka Thelathini na Mitano ya Kuaga Wageni, na Ijumaa Moja ya Kufa

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Sakiusa Tokalau, kiongozi wa bendi ya hoteli yetu ya Nukulevu, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitano na miezi mitatu. Hiyo ni hesabu ya ofisi. Kwa hesabu yangu mimi ametumikia thelathini na mitatu. Miwili iliyobaki alikuwa njiani anakuja.

Wasifu wa wastaafu huandikwa na Vasiti wa mapokezi, lakini Vasiti amejifungua mapacha na hana mkono wa kushikia kalamu. Kamati ikazunguka na karatasi tupu kutoka jikoni hadi bustanini, na kila mtu akasema: "Mpelekeeni Unaisi wa udobi. Yule ni mtani wake, atamsema mpaka basi na hakuna kesi." Ni kweli. Kijiji chao cha Nadilo, kule kisiwani, na kijiji chetu cha Waibalavu ni watani tangu enzi za mababu. Mtu wa Nadilo akija kwetu anakamata kuku wangu bila kuuliza, nami nikienda kwao naondoka na mkeka nilioupenda. Kwa hiyo yaliyomo humu yasichukuliwe kuwa matusi. Ni matusi, lakini ya halali.

Saki aliingia hapa Machi 1989 akiwa na miaka ishirini na sita, kuosha masufuria. Masufuria hayakuosheka, maana alikuwa anaimba, na mtu akiimba kwa mikono miwili sufuria linashikwa na nani? Wageni wakaanza kuacha mayai yao mezani na kuja kuchungulia mlango wa jikoni. Meneja wa wakati ule akaona bora lawama kuliko hasara. Akampa shati la maua, akamtoa nje, akamwambia asimame kwenye majani aimbe huko huko. Miaka minne baadaye alikuwa kiongozi wa bendi.

Kazi ya bendi sote tunaijua. Kuna wimbo wa kumkaribisha mgeni anaposhuka kwenye basi, kuna nyimbo za chakula cha jioni, na kuna wimbo wa kuaga. Kwa huo wa kuaga, Saki hana mpinzani kuanzia Nadi hadi Suva. Haimbii kundi. Anachagua mtu mmoja, tena yule mwenye uso mgumu kuliko wote, kwa kawaida baba mnene aliyelalamika wiki nzima kwamba maji ya moto si ya moto. Anamkazia macho, anapiga ukulele yake, kile kigitaa cha nyuzi nne, polepole, na kabla ubeti wa tatu haujafika yule baba analia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mkewe anatafuta leso, leso haipo, anamfuta kwa taulo ya hoteli, na taulo inapanda ndege kwenda Melbourne. Nani anaulizwa? Udobi.

Taulo nyingine alizimaliza mwenyewe. Gitaa lake lazima lifutwe kwa taulo nyeupe ya bwawa, si ya kijani, si kitambaa. Anafuta mafuta ya nazi, anafuta jasho, anaikunja vizuri kabisa na kuirudisha kwenye rafu ya zile safi. Nimemwambia kwa upole, nimemwambia kwa ukali, nimemwambia mbele ya mchungaji. Ananiita mama wa taulo.

Nisimseme kwa mabaya tu. Mwaka wa kimbunga kikubwa tulijifungia wote kwenye ukumbi wa chakula, wageni na sisi na watoto wetu, madirisha yamepigiliwa mbao. Bati lilipoanza kulia, Saki akachukua gitaa. Aliimba tangu chai ya asubuhi mpaka jioni, akanywa maji mara mbili tu, na kila upepo ulipopandisha sauti naye akapandisha. Wanangu wanne walikuwa chini ya meza namba kumi na mbili. Kitinda mimba wangu, ukimuuliza mpaka leo kimbunga kilikuwaje, anasema kilikuwa kizuri, watu waliimba. Mtu aliyenitendea hivyo ningemsamehe taulo zote. Ningemsamehe, kama angeacha.

Basi, angestaafu hivyo hivyo kwa amani, tumkatie keki, yaishe. Lakini miaka miwili iliyopita walikuja watu wa filamu kulala hapa, na mwongozaji wao, mama mmoja mwembamba wa Auckland anayeitwa Ngaire, akamwona akimliza baba mmoja mbele ya basi. Akamuuliza: "Unaweza kufanya hivyo bila kuimba?" Saki akasema hajawahi kujaribu. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, umri ambao wenzake wanatafuta kiti chenye mgongo.

Katika filamu ya kwanza alikuwa muuza samaki mwenye neno moja tu la kusema. Neno lile alilifanyia mazoezi wiki tatu, ndani ya chumba changu cha kufulia, kwa sababu eti mashine zinampa sauti ya soko.

"Mbichi! Mbichi! Mbiiichi!"

"Saki, tumesikia. Hata samaki wamesikia."

"Hujui, mtani. Kuna mbichi ya furaha na kuna mbichi ya mtu ambaye mke wake amemkimbia. Huyu wangu amekimbiwa."

"Nitakukimbia mimi sasa hivi."

Filamu ya pili alikuwa chifu. Hakusema kitu, aliketi tu, lakini walimtaka awe na nywele nyeusi. Akazipaka rangi, akalala, na foronya kumi na moja zikawa na kichwa cha chifu kilichochorwa katikati. Ya tatu alikuwa babu anayekufa, na hapo ndipo alipoanza mazoezi ya kufa. Afie wapi? Juu ya mashuka yangu. Nageuka kutoka kwenye pasi, namkuta amelala chali, ulimi nje.

"Unafanya nini hapo?"

"Nakufa, mtani."

"Kafie kwenye yale machafu! Hayo nimeshayapiga pasi!"

Sasa nieleze kilichotokea, maana kuna wapya wanaosimulia vingine. Watu wa filamu walileta kitambaa kilichochorwa rangi ili kumfunikia huyo babu. Saki akakikataa. Akasema mzee wa kwetu hafunikwi kwa pazia. Akaenda nyumbani kwa binamu yake Lusiana, akaazima nguo ya magome ya mti yaliyopondwa, mali ya ukoo wao, ile yenye michoro ya Nadilo ambayo haitoki sandukuni ila kwa msiba. Na si ya ukoo tu. Nguo ile aliipiga mama yake mzazi, Bibi Kelera, kwa mikono yake, akaiweka kwa ajili ya siku yake yeye mwenyewe. Iliwekwa kwa Lusiana kwa sababu paa la kisiwani linavuja. Mtu mzima wa miaka sitini anajua hayo yote, na bado analala ndani yake ili picha itoke vizuri!

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya Agosti mwaka jana. Wanapopiga picha, simu zote hukusanywa kwenye kapu. Lusiana alikuwa mpishi wao, na simu za wapishi hazikukusanywa. Akachungulia, akamwona binamu yake amelazwa juu ya mikeka, uso mweupe kwa poda, ile nguo kifuani, akaona jinsi kazi ilivyopendeza. Akapiga picha, akamtumia dada yake bila neno hata moja, akarudi kumenya mihogo. Dada akaisambaza kwa ukoo mzima.

Nani wa Nadilo angeiona nguo ile na kusema ni mchezo?

Saa tisa alasiri ndugu zake wa bara walikuwa langoni kwetu wamevaa nyeusi, na mikeka, na pipa la mafuta ya taa, na jino la nyangumi la rambirambi. Kwenye majani ya mbele kulikuwa na harusi ya watu wa Brisbane. Meneja, ambaye alikuwa na wiki mbili tu hapa, akadhani ni kikundi cha ngoma na akawaomba wasubiri baada ya keki. Ilaitia wa bustani, ambaye ni wa ukoo wao, ikabidi aketi chini apokee jino. Alilipokea vizuri, akasema maneno yote, akapiga makofi yanayotakiwa. Na jino likishapokewa limepokewa, msiba umekubaliwa.

Mimi mwenyewe nililia. Jambo hili naliandika hapa ili asije akalisikia kwa mwingine. Mimi ni mama ambaye mtoto asipopokea simu mara mbili nimeshaona jeneza, na Saki nilikuwa nimempigia mara kumi na nne. Nililia juu ya kapu la foronya zenye kichwa chake mpaka wakanishika mabega.

Jua halijazama, lori la filamu likasimama langoni. Akashuka, poda ya maiti usoni, ukulele kwapani, njaa inamuuma. Akatutazama.

"Jamani, nani amekufa?"

Shangazi yake alipiga yowe lililosimamisha harusi. Mtu mmoja alirukia kwenye bwawa na viatu vyake. Mjomba wake Maikeli peke yake ndiye ambaye hakuondoka pale alipokaa.

"Wewe," akasema. "Jino tumeshalitoa. Nani atalirudisha?"

"Mjomba, mimi mzima."

"Uzima wako hatukuuomba. Sisi tumeshakulilia. Machozi yale tuyapeleke wapi?"

Hapo sote tungecheka, na baadaye tulicheka sana, lakini Nadilo simu zinashika juu ya kilima tu. Mtu alipanda Ijumaa, akaiona ile picha, akashuka na habari. Jumamosi mvua ikanyesha, hakuna aliyepanda tena. Kwa hiyo Bibi Kelera, mama wa miaka themanini na nne, alimlilia mwanawe siku mbili nzima. Alikata nywele zake, zile nywele kubwa nyeupe ambazo hakuzikata tangu azike mume wake. Jumapili boti ilipofika kumwambia kwamba Saki yuko hai, aliipa mgongo. Aliingia ndani akakaa.

Tangu siku hiyo hakumtaka. Na hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa sababu Februari mwaka huu Ngaire alileta habari kubwa: sehemu nzima ya babu mwenye maneno mengi, miezi saba, Auckland, kuanzia Julai. Saki hakuwahi kupata kitu kama hicho maishani. Akasema: "Siendi bila mama kupokea mizizi yangu." Kwetu ukifika mahali unaweka fungu la mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji chetu cha heshima, na ukiondoka unaweka lingine kuaga. Anayebaki akipiga makofi, umeruhusiwa. Asipopiga, hujasafiri; umetoroka.

Alituma fungu kupitia Lusiana. Likarudi. Akatuma kupitia mchungaji. Likarudi, na mchungaji naye akarudi bila chai. La tatu lilirudi limetafunwa na panya. Ngaire akauliza kama mama anaweza kutia tu sahihi kwenye karatasi. Nikamwambia, mwanangu, wewe endelea na kamera yako.

Mwezi Mei Saki akaja udobini, akaketi juu ya kapu. Hakufa, hakuimba. Hata taulo hakugusa, nikajua hali ni mbaya.

"Mtani, nisindikize kwa mama."

"Mimi? Kwenye boti mimi natapika tangu gati."

"Tapika. Wewe peke yako ndiye unayeweza kumwambia neno bila kuvunja heshima."

Nikaenda. Nilitapika tangu gati, kama nilivyosema. Tulimkuta Bibi Kelera anasuka mkeka, uso ukutani, kichwa kama cha askari. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi, fupi, nyeupe. Pembeni yake ilikuwa ile nguo, ambayo Lusiana alikuwa ameshairudisha. Saki akaketi mlangoni, akaweka fungu mbele yake, akainamisha kichwa. Mama hakugeuka. Tulikaa mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Nikaona hapa tutazeeka.

Nikasema: "Bibi, nimekuletea maiti yako. Mimi nimechoka kuifulia."

Mabega yake yakatikisika kidogo. Akasema na ukuta:

"Mwambie huyo maiti nilimlilia siku mbili. Siku ya kwanza nilikata nywele. Siku ya pili nilimsamehe. Nilimsamehe kwamba tangu apate ndevu ameondoka hapa mbio mbio kuwahi boti na hakuniaga hata mara moja. Anawaaga Wazungu. Wanakuja siku tano, anawalilia. Nikasema, basi, amekufa, namsamehe. Sasa amefufuka. Msamaha wangu nimeurudisha."

Saki alizidi kuinama.

Bibi akaendelea kusuka. Halafu akauliza: "Alikufaje?"

"Nani, Bibi?"

"Huyo babu wa kwenye sinema. Alikufaje? Anionyeshe."

Saki akanitazama. Nikamwambia, lala, unangoja nini, kwangu ulikuwa unakufa bila kuombwa. Akalala chali katikati ya chumba, akaanza. Bibi akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwangalia mwanawe tangu Agosti.

"Hapana," akasema. "Baba yako alifungua mdomo."

"Ngaire aliniambia niufunge, mama."

"Huyo Ngaire amezika wangapi?"

Akaufungua.

"Na mkono usiukaze. Anayekufa hashiki kitu. Legeza. Legeza! Hata utotoni ulikuwa hivi, hulegezi kitu."

Akaulegeza. Na nikwambieni, mimi niliyemwona akifa mara arobaini juu ya mashuka, siku hiyo niliingiwa na baridi. Pumzi ilitoka, haikurudi. Bibi Kelera akavuta ile nguo, akamfunika miguu, akamfunika kifua, akafika kwenye uso akamfunika na uso. Akaketi kando yake, mkono juu ya kitambaa. Nikajisemea, Unaisi, umemleta mama wa watu kulia mara ya pili, na boti haiondoki mpaka kesho.

Hakulia. Baada ya muda akaivuta nguo, akaikunja mara nne, akaiweka mapajani.

"Hii ni yangu," akasema. "Niliipiga kwa ajili ya siku yangu. Mimi kwanza, wewe baadaye. Usinipite tena."

"Ndiyo, mama."

"Amka. Sasa uage vizuri."

Akaamka, akapiga magoti, akashika fungu la mizizi kwa mikono miwili, akaanza maneno ya kuaga. Mtu huyu amewaliza wanaume wa nchi ngapi kwa wimbo mmoja, lakini mbele ya mama yake alifika katikati akashindwa. Sauti ilikwenda wapi, hata yeye hajui. Ikabidi mimi mtani nimalizie, na maneno yenyewe nusu nimeyasahau, nikatia na ya kwangu. Bibi Kelera akaacha nimalize. Kisha akapiga makofi matatu.

Kwa hiyo mstaafu wetu anakwenda, na anakwenda kwa ruhusa.

Ameacha nyuma vijana kumi na tisa aliowafundisha gitaa, wawili kati yao wanapiga katika bendi za Suva, na kwaya ya wafanyakazi ambayo kabla yake ilikuwa kelele. Kwa niaba ya jikoni, bustani, mapokezi na udobi tunasema asante kwa kila asubuhi aliyoimba, hata zile alizochelewa, na asante ya meza namba kumi na mbili.

Ijumaa saa nne asubuhi tukutane kwenye majani ya mbele. Safari hii Saki atasimama pale wanaposimama wageni, karibu na mlango wa basi, nasi ndio tutakaomwimbia. Tumekubaliana wote tumkazie macho yeye peke yake. Bibi Kelera anakuja na boti ya Alhamisi. Chumba chake kiko chini, mbali na ngazi, mashuka yake nimeyapiga pasi mwenyewe, na tafadhali mtu yeyote asimuulize habari za nywele.

Nenda salama, mtani. Mungu akulinde huko kwenye baridi, vaa soksi, kula ushibe. Maisha yako ya mbele yawe na maneno mengi kuliko "mbichi". Kabla hujafa tena kwenye filamu yoyote, mpigie mama yako kwanza, halafu nipigie mimi. Na taulo zangu saba zirudi kabla ya Ijumaa, zimefuliwa.

Unaisi Ravula
Udobi